Darasa la Awali Lahitaji Wanasayansi

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, vijana wetu huketi pamoja na wazazi na walimu wao kuzipima njia zilizo mbele yao. Aliyefaulu vizuri katika biolojia na kemia huambiwa awe mganga; aliyefaulu katika hesabu na fizikia huambiwa awe mhandisi. Mwenye alama za wastani hushauriwa afikirie ualimu. Na ikiwa hata ualimu nao waonekana kuwa mbali naye, hapo ndipo husikika mtu akisema: "Basi, na akafundishe chekechea."

Maneno hayo aghalabu husemwa kwa nia njema. Hata hivyo, ndani yake mna hukumu mbili ambazo hazikuchunguzwa. Hukumu ya kwanza ni kwamba kumfundisha mtoto wa miaka mitano ni kazi nyepesi kuliko kumfundisha kijana wa miaka kumi na mitano. Hukumu ya pili ni kwamba kazi hiyo haina sayansi ndani yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu zote mbili si za kweli. Kwamba mwalimu wa darasa la awali, hasa katika miji yetu iliyokusanya watu wa asili mbalimbali, anafanya kazi inayodai uchunguzi makini kuliko kazi nyingi tunazozisifu. Na kwamba taifa litapata hasara endapo litaendelea kuwapeleka huko wale tu waliokosa pa kwenda.

Ili hoja isielee hewani, tuiweke mahali. Tuchukue kata ya Kashaulili, katika mji wa Mpanda, Mkoa wa Katavi.

Mji uliokusanya watu

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuumega Mkoa wa Rukwa, na makao yake makuu yakawa Mpanda. Nchi hiyo ni ya Wabende, Wakonongo na Wapimbwe tangu zamani, lakini kwa miaka mingi sasa si yao peke yao. Katika miaka ya 1940 na 1950 madini ya risasi ya Mukwamba yaliwavuta wafanyakazi kutoka mbali, na reli ya tawi, yenye urefu wa kilometa zipatazo 210, ikajengwa kutoka Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya madini hayo. Machimbo yalifungwa, bali reli ilibaki, na watu wakaendelea kuja. Baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 1972, wakimbizi walipewa makazi Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, wengi wao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Pamoja na wenzao wa Ulyankulu katika Mkoa wa Tabora, idadi yao ilizidi watu 160,000. Wasukuma nao waliingia na mifugo yao wakitafuta malisho na mashamba. Ongeza Wafipa kutoka kusini, Waha kutoka Kigoma na Wanyamwezi kutoka Tabora, utapata picha ya mji.

Takwimu zinaeleza jambo lilo hilo kwa ufupi. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 564,604 katika Mkoa wa Katavi. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 1,152,958. Mwanafunzi wa hesabu na ajaribu mwenyewe: lau idadi ya watu ingalikua kwa asilimia 3.5 kila mwaka, ambacho tayari ni kiwango cha juu kwa ongezeko litokanalo na uzazi, baada ya miaka kumi mkoa ungalikuwa na watu wasiotimia 800,000. Waliobaki hawakuzaliwa huko. Walihamia, nao walikuja na watoto, au walizaa watoto baada ya kufika.

Basi tuingie katika darasa la awali la mji wa namna hii. Mtoto mmoja ametoka katika nyumba izungumzayo Kisukuma. Mwenzake ametoka katika nyumba ya Kirundi. Wa tatu, Kifipa. Wa nne, Kibende. Wa tano hajui lugha nyingine ila Kiswahili, kwa kuwa baba yake na mama yake ni watu wa makabila mawili. Wote wanakaa juu ya jamvi moja mbele ya mwalimu mmoja, na wote wanatakiwa kujifunza kwa Kiswahili. Je, mwalimu huyo anahitaji kujua nini?

Sikio la mtoto

Jambo la kwanza ni ubongo. Mtoto azaliwapo, ubongo wake huwa na karibu robo ya uzito wa ubongo wa mtu mzima. Afikapo miaka mitano au sita, uzito huo umekwisha kufikia karibu sehemu tisa kwa kumi. Katika miaka hiyo ya mwanzo seli za neva hushikamana kwa wingi mkubwa sana, kisha ubongo huanza kupunguza: miunganiko inayotumika huimarishwa, na isiyotumika hufifia, kama vile njia ya porini isiyopitwa na watu inavyoota nyasi. Kinachoamua njia zipi zipitwe ni maisha ya mtoto: sauti anazosikia, nyuso anazoziona, chakula anachokula, na hofu au utulivu wa nyumba yake.

Lugha ni mfano mzuri. Mwaka 2006 Patricia Kuhl, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wachanga wa Marekani na wa Japani. Kijapani hakitofautishi sauti ya "r" na ya "l" kama Kiingereza. Mtoto alipakatwa na mzazi wake huku sauti moja ikirudiwarudiwa. Sauti ilipobadilika, naye akageuza kichwa, alionyeshwa kitu cha kuchezea kinachotembea. Kwa njia hiyo watafiti waliweza kujua kama mtoto amesikia tofauti. Watoto wa miezi sita hadi minane wa nchi zote mbili walizitambua sauti hizo kwa kadiri ile ile. Walipofika miezi kumi hadi kumi na miwili, watoto wa Marekani walikuwa wamezidi kuwa hodari, na wale wa Japani walikuwa wamepungukiwa. Yaani, kabla ya mtoto kutamka neno lake la kwanza, sikio lake limekwisha kuchagua sauti za nyumbani kwake.

Sasa turudi Mpanda. Kisukuma hutumia "l" na hakina haja ya "r". Kirundi, kwa kawaida, hutumia "r" pale ambapo Kiswahili kina "l". Neno "kulala" kwa Kirundi ni "kurara". Basi katika darasa moja yuko mtoto asemaye "lafiki" badala ya "rafiki", na ameketi karibu na mwenziwe asemaye "kurara" badala ya "kulala". Mwalimu asiyejua sayansi ya jambo hili atawasahihisha wote wawili kwa ukali, na darasa zima litacheka. Mwalimu anayejua atatambua kwamba hapa hakuna uvivu wala kiburi, bali masikio mawili yaliyofunzwa na lugha mbili. Atajua pia kwamba sikio la miaka mitano bado linafunzika kwa urahisi kuliko la mtu mzima, na kwamba halifunziki kwa kuchekwa. Atachagua michezo ya maneno yanayotofautiana kwa sauti hiyo moja tu, kama "kula" na "kura" au "kalamu" na "karamu", na mtoto atajifunza huku akifurahi.

Kuhesabu hadi sita

Mfano wa pili ni wa hesabu, nao unastahili kuangaliwa kwa makini.

Mtoto wa nyumba ya Kisukuma huhesabu hivi: imo, ibili, idatu, ine, itano. Mtoto wa nyumba ya Kirundi huhesabu: rimwe, kabiri, gatatu, kane, gatanu. Ukisikiliza, utaona kwamba kutoka mbili hadi tano majina hayo ni ndugu wa majina ya Kiswahili. Kwa hiyo watoto hawa, waingiapo darasani, hufika hadi tano upesi, na mwalimu hufurahi. Kisha ghafla wanakwama. Kisukuma husema itandatu, na Kirundi gatandatu. Kiswahili husema sita. Kisukuma husema mpungati, na Kirundi indwi. Kiswahili husema saba. Kwenye nane wanakutana tena: inane, umunani, nane. Kwenye tisa wanaachana: kenda, icenda, tisa. Kwenye kumi wanapatana: ikumi, icumi, kumi.

Sababu yake ni ya historia. Kiswahili kilichukua sita, saba na tisa kutoka katika Kiarabu, na majina mengine kikayaacha katika asili yake ya Kibantu. Tena hakikuyatupa kabisa yale ya zamani. Wazee bado wanalijua neno kenda kwa maana ya tisa. Tandatu ni neno la Kiswahili cha kale. Na fungate, zile siku saba za maharusi, ni ndugu wa damu wa mpungati ya Kisukuma.

Mwalimu asiyejua haya huandika katika daftari lake: "Mtoto huyu hawezi kuhesabu kupita tano." Maneno hayo machache yaweza kumfuata mtoto hadi darasa la kwanza na la pili, akaketishwa nyuma pamoja na walioitwa wazito, hatimaye naye akaamini kwamba yeye ni mzito. Kumbe alichokosa ni jina, si idadi. Mwalimu mwanasayansi atalipima jambo hilo kabla ya kuhukumu. Atampa mtoto rundo la vizibo vya soda na kumwambia awape wenzake saba kizibo kimoja kimoja, kisha aone kama vimetosha. Akifanikiwa, idadi anaijua. Limebaki jina, na jina hufundishwa kwa siku chache. Asipofanikiwa, tatizo ni jingine, na mafunzo yake ni mengine. Huko ndiko kutofautisha sababu mbili zinazoleta dalili moja. Mganga anapofanya hivyo hospitalini twamwita mtaalamu. Mwalimu wa awali naye tumwiteje?

Adabu za nyumbani na maswali ya mwalimu

Katika mafunzo ya ualimu hutajwa sana jina la Jean Piaget wa Uswisi, aliyefariki mwaka 1980. Katika jaribio lake moja mashuhuri, mtoto alionyeshwa safu mbili za vitu zilizo sawa, akaulizwa kama zi sawa. Kisha mtu mzima aliitanua safu moja, akauliza tena swali lile lile. Watoto wengi wadogo walijibu kwamba safu ndefu ndiyo yenye vitu vingi, na Piaget akaona kwamba hawajaifahamu bado maana ya idadi.

Katikati ya miaka ya 1970, James McGarrigle na Margaret Donaldson wa Edinburgh, Uskoti, walilirudia jaribio hilo kwa mabadiliko madogo. Badala ya mtu mzima kuitanua safu, mwanasesere wa dubu alitokeza na kuivuruga kana kwamba ni mtukutu. Swali lilipoulizwa tena, watoto waliojibu sawasawa waliongezeka sana. Akili ya mtoto haikubadilika kati ya jaribio moja na jingine. Kilichobadilika ni maana ya swali. Mtu mzima anapofanya jambo kwa makusudi mbele ya mtoto, kisha akaliuliza tena swali lake, mtoto hufikiri kwamba anatakiwa kutoa jibu jipya.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito zaidi. Katika nyumba zetu nyingi mkubwa akirudia swali, mtoto mwenye adabu huelewa kwamba jibu la kwanza halikumridhisha. Tena katika nyumba nyingi mtu mzima haulizi jambo ambalo macho yake yanaliona. Mtoto aliyelelewa hivyo hushangaa sana mwalimu anapoinua ua jekundu na kumwuliza: "Hili lina rangi gani?" Hujiuliza kama kuna mtego. Basi hunyamaza, na ukimya wake huandikwa kuwa ujinga. Mwenziwe, ambaye nyumbani kwao kuna redio, vitabu na mazoea ya kuulizwaulizwa, hupaza sauti na kusifiwa. Kwa kweli mwalimu amepima mazoea ya nyumba mbili, akadhani kwamba amepima akili za watoto wawili.

Kuna ukimya mwingine pia. Mtoto mdogo anapoingizwa ghafla katika lugha asiyoijua, mara nyingi hupita kipindi cha majuma kadhaa, na pengine miezi, akisikiliza tu. Anafuata wenzake, anatenda yanayotendwa, lakini hasemi. Wataalamu wa lugha wamekiona kipindi hicho katika nchi nyingi. Si ugonjwa, ni kazi ya akili inayofanyika kimya. Lakini pia wako watoto wanaonyamaza kwa sababu hawasikii vizuri, au kwa sababu ya upungufu wa damu, malaria ya mara kwa mara, njaa au hofu. Kuzitambua aina hizi mbalimbali za ukimya, na kujua ni nani aachwe asikilize, nani apelekwe zahanati, na ni nyumba gani itembelewe jioni ya leo: huo ndio utaalamu ninaouzungumzia.

Ushahidi wa kazi iliyofanywa vema

Msomaji anaweza kuuliza kama yote haya yana matunda yanayoonekana. Yanayo. Kuanzia mwaka 1962, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi waligawanywa katika makundi mawili: 58 waliingizwa katika shule ya awali iliyoitwa Perry, na waliosalia hawakuingizwa. Watafiti waliwafuata hadi wakawa watu wa makamo. Walipofika umri wa miaka 40, wale waliosoma Perry, kwa wastani, walikuwa na kazi na kipato bora zaidi, na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache zaidi. Mara nyingi matokeo hayo hunukuliwa bila kutaja sababu zake. Walimu wa Perry walikuwa wahitimu wa chuo kikuu; kila mmoja alikuwa na watoto watano au sita tu; na kila juma mwalimu alikwenda nyumbani kwa mtoto kuzungumza na mama yake. Jengo na ubao pekee visingaliweza kuleta matunda hayo.

Karibu na kwetu, mjini Mombasa mwaka 1982, ilianza kazi ya shule za awali za madrasa kwa msaada wa Shirika la Aga Khan. Baadaye ilifika Zanzibar na Uganda. Wanawake wa mitaa ile ile walifunzwa kuwa walimu, jamii ikashirikishwa katika kuendesha shule, na vifaa vikatengenezwa kwa vitu vilivyopo: vifuu, mbegu, vitambaa na makombe ya baharini. Dini na lugha ya nyumbani havikuachwa mlangoni. Uchunguzi wa Peter Mwaura na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba watoto waliopitia shule za awali waliwazidi wale waliobaki nyumbani katika maendeleo ya akili, na kwamba wale wa shule hizo za madrasa walipata faida kubwa zaidi. Hapa hapakuwa na fedha nyingi za Michigan. Palikuwa na mafunzo ya walimu, na heshima kwa nyumba anakotoka mtoto.

Hoja za wanaopinga

Wako watakaosema kwamba kuzitazama lugha za nyumbani ni kurudisha ukabila, ilhali Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kudharauliwa. Mimi sisemi darasa la Kashaulili lifundishwe kwa lugha nane. Nasema kwamba anayetaka kumvusha mtoto hadi ng'ambo ya Kiswahili ni lazima ajue amesimama ukingo gani. Mtoto ambaye salamu ya nyumbani kwao imepokewa kwa heshima siku ya kwanza atakipenda Kiswahili upesi kuliko yule aliyepigwa kwa ajili ya lugha ya mama yake. Wala mwalimu halazimiki kuzisema lugha zote. Salamu, maneno kumi ya mahitaji kama maji, choo na maumivu, na majina ya hesabu yanatosha kwa kuanzia. Bibi wa mtoto, dada mkubwa au jirani atayafundisha kwa furaha.

Wengine watasema kwamba hayo yote hayawezekani katika darasa lenye watoto mia. Hao wanasema kweli, na ni lazima tuwajibu kwa kweli. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya mfumo rasmi. Sera ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima. Ada zilipofutwa kuanzia Januari 2016, wazazi waliitikia kwa wingi, na mwaka huo watoto walioandikishwa katika madarasa ya awali walizidi 1,500,000. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini shule nyingi zilikuwa mbali nacho. Sayansi haiwezi kuuondoa uzito wa darasa la watoto mia. Inachoweza ni kutuonyesha kwamba kiwango cha 25 si anasa, kwa sababu uchunguzi niliousimulia haufanyiki mahali ambapo mwalimu hawezi hata kukumbuka majina. Na walimu hawataongezeka ikiwa vijana hodari wanaendelea kuambiwa kwamba kazi hiyo haiwafai.

Hapo ndipo penye kidonda chenyewe. Nimewahi kumsikia mzazi mmoja akimkanya binti yake, aliyefaulu kwa daraja la kwanza, asichague kozi hii. Alimwambia: "Hukusoma kwa taabu zote hizi ili ukafute makamasi ya watoto wa watu." Na wavulana huambiwa kwamba hiyo ni kazi ya akina mama, kana kwamba watoto wa Kashaulili hawana akina baba. Nchi nyingine zilikwisha kuachana na fikra hizo. Huko Finland walimu wa shule za watoto wadogo wamekuwa wakiandaliwa katika vyuo vikuu tangu mwaka 1995. Nilipokuwa ng'ambo kwa masomo ya shahada ya uzamivu, niliwaona walimu wa watoto wadogo wakitembea na daftari dogo mfukoni, wakiandika saa kwa saa yale mtoto aliyoyasema na kuyatenda, kama vile mtaalamu wa mimea anavyoandika porini. Hakuna aliyewauliza kwa nini hawakupata kazi nyingine.

Mshahara nao ni jambo la kweli, na wanaopanga bajeti hawana budi kulitazama. Lakini historia ya kazi nyingi inaonyesha kwamba heshima na ujira huja pale wenye kazi wanapoonyesha utaalamu usioweza kufanywa na yeyote tu. Uuguzi ulipita njia hiyo hiyo.

Njia zilizopo

Kwa mwanafunzi anayetaka kuifikiria kazi hii, milango si mmoja. Uko ualimu wenyewe wa darasa la awali, kwa kupitia vyuo vya ualimu. Ziko shahada za elimu ya watoto wadogo katika vyuo vikuu vyetu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wako wakuza mitaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania, wathibiti ubora wa shule, maofisa ustawi wa jamii wanaosimamia vituo vya kulelea watoto mchana, waandishi wa vitabu vya watoto, na watafiti. Wataalamu wa kusikia na matamshi ni wachache mno nchini, na kila mkoa unawahitaji. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyoyaunganisha afya, lishe, ujifunzaji wa awali, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama wa mtoto. Mpango wa namna hiyo huhitaji watu wanaoijua biolojia kama wanavyoijua elimu. Kwa hiyo mwanafunzi asiache biolojia kwa kudhani kwamba hataihitaji. Wala asiache hesabu, kwani takwimu ndizo zitakazomwezesha kutofautisha lililotokea kwa bahati na lililotokana na kazi yake. Wala asiache Kiswahili, kwani ndicho chombo atakachokitumia kila siku.

Ndugu mwalimu wa sekondari, unapowashauri wanafunzi wako mwaka huu, mwite na yule wa kwanza darasani, umtajie na kazi hii pamoja na uganga na uhandisi. Kisha uache achague mwenyewe.

Nawe mwanafunzi, huna haja ya kungoja chuo ili uanze. Chama chenu cha sayansi kinaweza kuifanya kazi ifuatayo katika muhula mmoja. Kila mmoja na akusanye kutoka kwa wazee wa nyumbani au wa jirani majina ya hesabu kuanzia moja hadi kumi katika lugha yao, pamoja na maneno ishirini ambayo mtoto wa miaka mitano huyatumia kila siku. Andikeni pia sauti zilizomo katika lugha hiyo na zisizomo katika Kiswahili, na zile za Kiswahili zisizomo humo. Yapangeni kwa safu katika karatasi moja kubwa, lugha kando ya lugha, na mwandike jina la kijiji na mwaka. Mkimaliza, nakala moja ibaki shuleni kwenu, na nyingine mpelekeeni mwalimu wa darasa la awali aliye karibu nanyi. Mwulizeni ni watoto wangapi katika darasa lake wanaokwama kwenye sita.